Vigae Nilivyopeleka Narung'ombe

Vigae nilivyopeleka Narung'ombe vilikuwa vya bluu, vya daraja la kwanza, si vile vinavyobanduka ukipiga chafya. Nilivitoa dukani kwangu mwenyewe hapa Nachingwea, na nilikuwa nimevitenga kwa ajili ya bafu la nyumba yangu mpya. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilifanya jambo lile kwa ubahili. Mimi nilianza kwa kubeba magunia ya korosho mgongoni. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Leo nina malori, nina duka la vifaa vya ujenzi, na namba yangu ya simu imeandikwa ubavuni mwa kila lori kwa herufi ambazo hata mwenye chongo anazisoma kutoka ng'ambo ya barabara. Hiyo namba nitairudia, maana ndiyo inayonichoma kuliko vyote.

Mjomba wangu, kaka wa tumbo moja na mama, alikuwa afisa wa jeshi la majini. Mtoto wa Nkowe, kwetu kwenye mtama na mbaazi, maji mengi aliyoyajua ni ya dimbwi la masika, akaenda kuongoza meli. Nilipokuwa mdogo alikuja likizo mara moja na sare nyeupe, na bibi mmoja akamkimbia akidhani ni sanda inatembea. Alipostaafu hakurudi Nkowe. Alikwenda kukaa kwa mkewe, Narung'ombe. Ndivyo tulivyo sisi Wamwera: mwanamume humfuata mke kwao, lakini yeye mwenyewe ni wa ukoo wa mama yake, na mrithi wake si mtoto wake, ni mtoto wa dada yake. Yaani mimi.

Alifia huko huko Narung'ombe. Siku aliyozikwa nilikuwa kwenye foleni ya ghala la korosho, na lori langu la kwanza, la kwangu mwenyewe, si la tajiri. Simu ikapigwa. Nikasema, "Endeleeni, mimi nitafika." Anayeijua foleni ile hatanilaumu. Ukitoka, umerudi mwisho, na mvua haikusubiri. Nilipotoka ilikuwa siku ya nne. Nikaenda moja kwa moja Nkowe, kwenye matanga ya upande wetu, nikatoa mbuzi na mchele, nikalia na watu, nikaondoka. Kwa wakwe zake Narung'ombe sikufika. Mama yangu alikuwapo Narung'ombe siku ya mazishi, lakini wanawake hawafuati jeneza. Alibaki uani na wenzake, akasikia wanaume wakitoka na kaka yake, kisha akawasikia wakirudi bila yeye. Kaburi hakuliona kwa macho.

Miaka ikapita. Mama akaanza kuvimba miguu, daktari akasema ni moyo, nikamhamishia kwangu. Nilimpa chumba cha mbele, feni, choo humo humo ndani. Asubuhi moja nampelekea uji, ananiambia kwa Kimwera, maana Kiswahili chake ni cha sokoni tu:

"Mwanangu, mimi hapa kwenu mjini usinizike. Nitalala na watu nisiowajua hata majina. Nilaze ubavuni mwa kaka yangu."

"Sawa, mama. Kaburi liko upande gani?"

"Mimi nitajuaje, baba? Si nilikuwa uani? Wewe ndiye mwanamume. Nenda Narung'ombe ukatafute kikombe."

Hapo nieleze kidogo. Kwetu mtu akishazikwa, chombo chake alichokuwa akilia au kunywea kinatobolewa kitako, kinawekwa juu ya kaburi upande wa kichwa. Kinatobolewa ili mpita njia asikichukue akaenda kunywea chai. Makaburi yetu ya zamani hayana maandishi, yana mabakuli na sufuria na vibuyu, na wenyeji wanayasoma vizuri tu. Sasa kikombe cha mjomba nani asiyekijua? Cha bati, cheupe, ukingo wa bluu, ubavuni kimechorwa nanga. Kilikuwa kikombe cha jeshini, na wilaya nzima ya Ruangwa hapakuwa na kingine.

Nikaondoka siku ile ile. Mimi si mtu wa kulaza kazi. Sikupita kwa mtu, nikaenda makaburini kwanza, na saa moja haikuisha nikakiona. Kimeliwa na kutu, lakini nanga inaonekana, na kitako kimetobolewa. Kaburi lenyewe limetitia, majani ya korosho yamejaa juu yake. Nikapandwa na hasira palepale. Afisa wa jeshi! Aliyevuka bahari! Analala chini ya majani kama mtu asiye na watu! Nikaingia kwenye gari mpaka kwa mkaza mjomba, yaani mjane wake, mwanamke mrefu mkavu ambaye hata salamu anakuhesabia. Nilimkuta anapeta mtama. Sikukaa.

"Mama, nimeliona kaburi. Nitalijengea, litakuwa na vigae na nanga ya chuma, watu watoke Lindi kuja kuliangalia."

Akasimamisha ungo. "Kaburi lipi?"

"Si lile la kikombe!"

Akaniangalia. Akaangalia ungo wake. "Haya, mwanangu. Mungu akulipe."

Mimi nikajua ni furaha imemzuia kusema.

Kabla ya kujenga nilitaka maandishi ya kweli. Nilitaka jiwe liseme cheo chake sawasawa, na meli aliyoiongoza, na alikotoka. Hapo ndipo nilipoanza kumtafuta mjomba kwa bidii, na hapo ndipo nilipogundua kwamba watu wa ukoo wetu ni waongo. Mmoja aliniambia mjomba alikuwa jenerali. Mwingine akaapa kwamba alipigana na papa kwa kisu. Wa tatu, mtu mzima mwenye mvi, alisema alizamisha manowari ya adui. Nikamwuliza adui gani, akasema adui wa wakati ule. Wote hao walimzika, wote walikula matanga, na hakuna hata mmoja aliyejua mtu wao alifanya kazi gani.

Nikaenda kwenye ofisi moja niliyoambiwa ina habari za wastaafu. Wakaniambia leta barua ya mtendaji wa kijiji. Nikaleta. Leta cheti cha ndoa. Cha nani, changu? Cha marehemu. Marehemu alioa kwa sheikh na kuku watatu, cheti kitoke wapi? Kijana wa dirishani, msomi, kucha zake safi kuliko za bibi harusi, akanisukumia fomu. Nikaisoma kwa kidole, neno kwa neno, nikamwona anatabasamu. Nikamwambia, "Wewe cheka. Mimi kidole hiki kimejenga nyumba nne." Nikatoka bila habari.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa Kilimarondo, aliyekuwa mpiga ishara kwenye meli ya mjomba. Baharini alikaa ujana wote, sasa anagombana na tembo kwenye shamba la mahindi. Nilimfuata huko kwa barabara ile inayovunja springi. Nilikaa naye siku mbili, naandika kwenye kaunta buku kwa mkono wangu mwenyewe, maana mwandishi wa kukodi angeongeza chumvi.

"Mjomba wako alikuwa luteni kamanda," alisema. "Na mwezi wa kwanza alitapika mpaka tukadhani ataacha matumbo baharini. Maji marefu aliyaogopa mpaka anastaafu. Alikuwa anashika chuma cha ukingo hivi, vidole vinakuwa vyeupe, lakini sauti yake haitetemeki. Anatoa amri kama mtu aliyekaa barazani kwake."

"Hiyo ya kutapika niandike?"

"Andika. Mtu asiyeogopa bahari si mwanamaji, ni mjinga."

Akaniambia pia kwamba mjomba hakuwa na choyo. Akipewa kitu, anagawa: blanketi, viatu, hata kikombe chake chenye nanga alikigawa, akawa ananywea kopo lililopatikana. Nikaandika na hilo. Liko kwenye kaunta buku mpaka leo, kwa mwandiko wangu, ukurasa wa kumi na moja, na mimi niliyeliandika sikulisikia.

Basi nikajenga. Fundi wangu wa vigae nilimtoa Nachingwea, nanga ya chuma ikachomelewa kwenye karakana yangu, ikapakwa rangi nyeupe, ndefu kunipita kiunoni. Jiwe la maandishi nikaagiza. Watu wa Narung'ombe walikuja kila siku kuangalia, wanakaa, wanasifia, wanakula chakula nilichokuwa nawapelekea mafundi. Sheikh wa pale alisema neno moja tu, kwamba kaburi halina haja ya kupandishwa sana. Nikamwambia huyu ni afisa. Akanyamaza. Wote walinyamaza, na wote walijua.

Siku ya dua niliita watu asubuhi. Sufuria za pilau zilikuwa saba. Wanawake walikaa mbali kidogo chini ya turubai, mkaza mjomba yuko katikati yao, kajifunga kanga mpya. Mama nilimwacha Nachingwea, miguu ilimsumbua, nikamwambia nitamleta kila kitu kikikamilika. Tumeanza kusoma, nikaona bodaboda inakuja na yule mzee wa Kilimarondo, kofia ya wanamaji kichwani, nishani kifuani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akashuka. Akaja mpaka kwenye vigae vyangu. Akaangalia nanga. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Kisha akatupita wote, akaenda hatua kama arobaini mpaka kwenye jiwe moja kubwa kama lori, ambako palikuwa na kichaka tu, akakanyaga majani, akageuka, akapiga visigino, akapiga saluti.

Kisomo kikakatika chenyewe.

Nikamfuata. "Mzee, kaburi liko kule."

"Kule yuko nani, kijana?"

"Mjomba wangu!"

"Mjomba wako yuko hapa. Siku ile tulifika wanajeshi wanne, tumechelewa, wameshamfukia. Nilisimama hapa hapa, mgongo wangu umegusa jiwe hili. Nikiwa kwenye saluti, siafu akaniingia kwenye suruali, na sikujikuna. Mahali nilipoumwa na siafu kwa heshima ya mtu, nitapasahau?"

Nikageuka. Watu zaidi ya mia, na kila mmoja anatazama kandambili zake.

"Nani anajua huyu anachosema?" Nikawasogelea. "Nauliza, nani anajua?"

Sheikh akakohoa. "Ndugu yangu, sisi tulidhani umeamua kumjengea bibi."

"Bibi gani?"

"Mama mkwe wa marehemu. Hilo ni kaburi lake."

Kijana mmoja mwenye bodaboda akasema, kwa sauti ile ya kujifanya ananong'ona, "Boss umeupiga mwingi. Bibi hata bwawa hajawahi kuliona, sasa ni kamanda." Wakacheka. Walianza vijana, wakafuata wazee, na hata waliokuwa wanangoja pilau langu walicheka.

Nilitukana. Niliyosema siyaandiki, maana mama yangu atasomewa haya. Nikamwita fundi, nikamwambia leta nyundo na tindo, bandua vyote, nanga ng'oa, turudi nayo. Fundi akasita, nikampokonya nyundo mwenyewe. Hapo mkaza mjomba akatoka kwenye turubai, akaja polepole, akasimama kati yangu na vigae.

"Anza kunibandua mimi."

"Mama, ulijua?"

"Nilijua. Si ni mama yangu? Nilimwosha kwa mikono hii."

"Ukanyamaza!"

"Uliniuliza? Ulikuja gari linanguruma, hata mlango hukufunga. Ukasema nimeliona. Nikakuuliza lipi. Ukasema la kikombe. Kikombe ni cha mama yangu."

"Kikombe cha jeshi! Kina nanga!"

"Alipewa na mkwewe," akasema. "Wewe unajua mkwe hakai na mama mkwe kunywa chai. Hata njiani wakikutana anapisha, anaangalia pembeni. Mume wangu likizo yake ya kwanza alinipa kile kikombe, akaniambia mpelekee mama, mwambie siwezi kukaa naye, basi anywee changu. Mama alinywea uji wake mle mpaka anakufa. Ulitaka tumwekee nini kaburini, ndoo?"

"Ungeniambia!"

"Nikwambie usimjengee mama yangu? Wewe ungeweza kumzuia mtu asimjengee mama yako?"

Mimi mtu akinikosesha jibu ndiyo hasira inapanda zaidi. Nikanyoosha kidole kule kwenye jiwe. "Na mjomba mmemtupa kichakani? Hata chombo juu yake hamna! Mlimzika mtu au mlifukia mbwa?"

Turubai zima likaguna. Mkaza mjomba akaangalia kule nilikoonyesha. Akageuka, akaenda nyumbani kwake, si mbali, tukamwona anaingia na anatoka. Akarudi na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Akakifungua mbele ya watu. Sahani ya bati. Ya zamani lakini nzima, inang'aa, haina hata kovu la kutu.

"Hii ndiyo yake. Alilia hii tangu aliporudi. Anayeitoboa nani?"

Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua. Anayetoboa chombo cha marehemu ni mtoto wa dada yake. Si mke, si watoto wake, si wakwe. Mpwa. Na nilipokiona kile kikombe kimetobolewa, sikujiuliza aliyekitoboa ni nani.

"Tulikungoja siku ya tatu," akasema. "Tukakungoja arobaini. Tukakungoja mwaka. Tukaacha kungoja, lakini sahani nikawa naifuta kila Ijumaa. Hakuna aliyeilia. Watoto wangu wamekua wanaiona juu ya kabati."

"Kwa nini hamkuniita?" Sauti yangu mwenyewe niliisikia imekuwa ya kupiga kelele. "Namba yangu imeandikwa kwenye malori! Malori yangu yanapita hapa kila msimu!"

"Yanapita. Tunakula vumbi lake. Lakini mjane anampigiaje simu mpwa aje kutoboa sahani? Mpaka itobolewe mimi bado mke wa mtu. Ningekuita, wangesema nina haraka ya kuolewa."

Niliingia kwenye gari. Nyundo ya fundi nilikuja kuigundua Nachingwea, ipo kwenye kiti cha pembeni. Njia nzima nilikuwa nagombana na watu wasiokuwamo garini. Wale waliokula matanga Nkowe, wazee wa ukoo wetu, kwa nini hakuna aliyeniambia nina kazi kule? Walichukua mbuzi, wakasema, "Umefanya, baba, umefanya." Nimefanya nini? Kila mmoja alijua nilichoacha nyuma, na kila mmoja aliona ni heri anikope nauli kuliko kuniambia ukweli. Mtu akiwa na malori hawamwambii ukweli. Wanampigia makofi mpaka anajenga bafu juu ya bibi wa watu.

Na yule mwanamke. Miaka kumi na zaidi, mwanamke aliyekuwa bado na nguvu zake, amefungwa na sahani. Nilitafuta njia ya kumkasirikia na hilo pia. Sikuipata kirahisi, lakini nilitafuta mpaka Nachingwea.

Nilimkuta mama anakuna nazi, kaikataa kazi yote ya nyumbani isipokuwa hiyo. Nikamweleza. Nilitegemea atalia. Akaniuliza kitu kimoja.

"Umeitoboa?"

"Bado, nilikuwa na hasira."

"Basi kilichokurudisha ni nini? Kwa hasira sahani haitoboki?" Akaweka mbuzi ya nazi pembeni. "Kesho nipeleke."

Tukaenda. Nilimweka mbele, miguu juu ya mto, nikaendesha taratibu kuliko ninavyoendesha nikibeba vioo. Mkaza mjomba alitupokea kama hakuna lililotokea, akamletea mama kiti, wakashikana mikono, wakaulizana habari za afya nusu saa nzima huku mimi nasimama juani. Kisha tukaenda kwenye jiwe. Nilikuwa nimetuma vibarua mapema, kichaka kimefyekwa, na kaburi likaonekana, tuta jembamba lililobanana na lile jiwe upande wa kusini. Hapo nikaona tatizo ambalo hakuna aliyelitaja. Upande mmoja jiwe. Upande wa kichwani na wa miguuni mizizi ya mkorosho. Palibaki ubavu mmoja tu, wa kaskazini, nafasi ya mtu mmoja.

Mama akaiangalia. "Hapa ndipo pangu."

Mkaza mjomba akasema bila kuinua sauti, "Wifi, hapo pana mwenyewe. Hapo nimejiwekea mimi."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na mengi: ukoo wetu, damu yetu, mrithi ni mimi. Mama akanipiga mkono gotini bila kuniangalia.

"Wifi, umelala naye miaka yote hiyo hujamchoka?"

"Na wewe mlilala tumbo moja, hukutosheka?"

"Tumbo lenyewe hatukulala pamoja. Mimi nilipishana naye mlangoni."

Wakacheka, vikongwe viwili, mmoja kashika kiti na mwingine kashika jiwe. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona mama yangu anazikwa mjini kati ya wauza mitumba kwa sababu nilikaa kwenye foleni, kwa sababu nilijenga nisipopajua, kwa sababu nilimwambia mwanamke huyu amefukia mbwa. Nikajua hakuna nitakachotoa dukani kitakachonunua ubavu ule. Na mimi sijazoea kusimama mbele ya kitu kisichonunulika. Kilinikasirisha kama mtu aliyenikanyaga mguu.

"Mama," nikamwambia mkaza mjomba, "nilisema neno baya jana."

"Ulisema."

"Nimelirudisha."

Akaokota jani la mkorosho juu ya tuta, akalitupa. Kisha akasema, "Vigae hubandui."

"Sibandui."

"Na nanga haing'olewi. Mama yangu alikaa na nanga kwenye kikombe, atakaa nayo na juu yake. Maandishi ondoa, hayo ni ya uongo. Mimi nikifa nitakwenda kwa mama yangu, pale kwenye vigae, pazuri, pana ubaridi." Akamgeukia mama. "Wifi, chukua kaka yako. Mimi nilimkopa tu."

Fundi akaja kuliondoa jiwe la maandishi, na kwa mkono wake mzito akalivunja vipande viwili. Cheo kikabaki upande mmoja, Nkowe upande mwingine. Nilimfokea mpaka sauti ikakauka, na nilijua si yeye ninayemfokea, na nikaendelea.

Kisha nikaletewa sahani. Msumari niliutoa garini, na nyundo ilikuwa ile ile. Nimepiga misumari maisha yangu yote, nimeezeka nusu ya mabati unayoyaona Nachingwea, lakini pigo la kwanza likateleza, la pili likabonyeza bati. La tatu ndiyo likapenya. Mkaza mjomba alikuwa amefumba macho. Sahani ilipotoboka alivuta pumzi kama mtu aliyetua mtungi, akaondoka bila kuaga, akaelekea kwake, na alitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Nikaiweka sahani kwenye kichwa cha kaburi, nikaibana na vijiwe.

Narung'ombe sasa wana mahali wanapaita kwa Bibi Kamanda. Bodaboda wanashushia abiria pale. Lori langu likipita pale dereva wangu anapigiwa honi na saluti, na ananihadithia huku anajizuia kucheka, na siku moja nitamfukuza kazi. Najua nitayasikia hayo mpaka nife. Naandika ili ijulikane kwamba vigae vilikuwa vya daraja la kwanza.

Lakini siku ile, kabla hatujaondoka, mama alikuwa bado anaipima ile nafasi kwa macho. Hakuridhika.

"Pembamba," akasema. "Lala nione."

"Mama, nimevaa kanzu nyeupe."

"Lala, baba. Ukienea wewe, mimi nitapwaya."

Vibarua walikuwa wanatazama. Fundi alikuwa anatazama. Kule upande wa barabara vijana wa bodaboda walikuwa wamesimama kwenye vigae vya bibi, wanapiga picha na nanga yangu, nasikia vicheko vyao mpaka pale. Nikakunja kofia, nikaiweka mfukoni, nikalala chali kwenye mchanga ubavuni mwa mjomba, bega langu limegusa tuta lake. Jiwe lilikuwa juu yetu wote wawili. Siafu mmoja akaanza kupanda kwenye kifundo cha mguu.

"Usitikisike," akasema mama. "Bado naangalia."